Kompyuta mpya ya kuunga haileti picha: feni zinazunguka, taa ya CPU imeganda (B450 na Ryzen 5 5600)

Mkulima_wa_Pikseli

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa kompyuta ya mezani iliyoungwa juzi na haijawahi kuleta picha. Vifaa ni hivi:

Prosesa: Ryzen 5 5600, ya boksi, na feni yake ya Wraith Stealth
Mazabodi: MSI B450 TOMAHAWK (siyo MAX), mpya ila ni ya stoo ya zamani
RAM: DDR4 3200, vijiti viwili vya 8GB
Kadi ya grafiki: RX 6600
Diski: SSD ya NVMe, 500GB
Pawasaplai: 550W, ya aina ambayo baadhi ya nyaya zinachomoka

Nikibonyeza swichi ya kasha, feni zote zinazunguka, ya prosesa, ya kasha na ya kadi. Monita inaandika hakuna mawimbi halafu inalala. Kwenye mazabodi kuna taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ya CPU inawaka na haizimi. Mashine haijizimi wala haijiwashi upya, inabaki tu hivyo. Taa ya Num Lock kwenye kibodi haiitikii. Kebo ya HDMI iko kwenye kadi. Nimeihamishia hata kwenye tundu la mazabodi, kimya.

Jambo la pembeni: nikigusa chuma cha kasha nikiwa peku, umeme unanitekenya. Sijui kama linahusiana.

Sina prosesa nyingine wala kadi nyingine ya kujaribia. Nina mita, bisibisi na laptop. Nianzie wapi kabla sijabeba boksi zima kurudi dukani? Natanguliza shukrani.

---

dogo_wa_RAM

Mkuu hiyo ni RAM, wala usiumize kichwa. Chomoa vijiti, futa meno yake kwa ufutio wa penseli, rudisha kimoja tu. Kesi kama hizi nyingi ndivyo zinavyoisha.

---

Bisibisi_Nyota

Dogo, ufutio ni dawa ya RAM iliyokaa miaka kwenye vumbi, siyo ya vijiti vilivyotoka kwenye pakiti jana. Na hata vingekuwa vibovu, taa ingesimama kwenye DRAM.

Mkulima, hizo taa zina mpangilio. Mazabodi ikiwashwa inakagua CPU (prosesa), halafu DRAM (RAM), halafu VGA (kadi ya grafiki), mwisho BOOT (diski yenye mfumo wa kuanzia). Hatua ikipita, taa yake inazima na ukaguzi unasogea mbele. Ikikwama, taa ya hatua hiyo ndiyo inayobaki. Soma maandishi yaliyo pembeni ya taa na usihangaike na rangi, maana rangi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Kwako imekwama hatua ya kwanza kabisa. RAM, kadi na SSD hazijafikiwa bado, kwa hiyo ziache zilivyo.

Halafu tundu la HDMI la mazabodi lisahau moja kwa moja. Ryzen 5 5600 haina grafiki ndani yake. Yale matundu ya nyuma ni kwa ajili ya prosesa zenye herufi G, kama 2200G, 3400G au 5600G. Kebo ya monita ikae kwenye kadi siku zote.

Taa ya CPU ikiganda kwenye mashine mpya, kuna mambo matatu ya kuchunguza: umeme wa prosesa haufiki, pini za prosesa zimepinda, au BIOS, ile programu ndogo ya kwenye chipu ya mazabodi inayoiamsha mashine, haiitambui prosesa. Ukiniuliza mimi, mtuhumiwa mkuu ni BIOS. B450 ilitoka katikati ya 2018, enzi za Ryzen 2000. Ryzen 5000 zilianza kuuzwa Novemba 2020, na hiyo 5600 isiyo na X ilikuja Aprili 2022. Soketi ni ileile ya AM4, yenye pini 1331, kwa hiyo prosesa inakaa vizuri bila ubishi wowote, na ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kukaa kwenye soketi hakutoshi. Ndani ya BIOS lazima kuwe na msimbo wa AMD wa kuiamsha prosesa hiyo hasa, na BIOS ya 2018 au 2019 haina.

Kagua boksi la mazabodi. Kukiwa na stika ya "Ryzen 3000 Desktop Ready", hiyo inakuhakikishia Ryzen 3000 tu, haisemi lolote kuhusu 5000. Kama hakuna stika kabisa, chukulia kwamba BIOS ni ile iliyotoka nayo kiwandani.

Ila usikimbilie kuflashi, yaani kuandika BIOS mpya kwenye chipu, kabla hujapima. Fanya jaribio hili kwanza, halihitaji kifaa chochote: zima swichi ya nyuma ya pawasaplai, chomoa vijiti vyote viwili vya RAM, washa tena. Taa ikihamia DRAM, prosesa yako iko hai na BIOS inaijua, kwa hiyo tutatafuta kwingine. Taa ikibaki CPU vilevile kana kwamba hujagusa kitu, basi mazabodi haijafika hata pa kuulizia RAM. Leta jibu.

---

MamaWati

Kabla ya hilo jaribio, tumalize habari ya umeme, kwa sababu plagi ya prosesa ndiyo inayosahaulika au kukosewa kuliko zote.

Mazabodi yako inataka plagi mbili kutoka pawasaplai: ile kubwa ya pini 24 upande wa kulia, na ya pini 8 iliyo kona ya juu kushoto, imeandikwa CPU_PWR1. Ya pini 8 ikikosekana, feni zinazunguka kama kawaida kwa sababu zinalishwa na ile ya 24, huku prosesa yenyewe haina umeme. Kwa macho mashine inaonekana nzima.

Sasa angalia plagi uliyochomeka pale ni ipi. Ya prosesa inagawanyika 4+4. Ya kadi ya grafiki inagawanyika 6+2. Zote zina pini 8 na zinafanana, lakini zimepishana umeme: kwenye ya prosesa, volti 12 ziko upande wa kile kidoko cha kufungia, na kwenye ya kadi upande wa kidoko ni ardhi. Maumbo ya pini yamechongwa tofauti ili zisiingiliane, ila mtu mwenye nguvu za mikono anaweza kulazimisha. Ikiwa ulisukuma kwa nguvu isiyo ya kawaida, chomoa uangalie. Na kwa kuwa nyaya zako zinachomoka: tumia zilizokuja na pawasaplai hiyo tu. Upande wa mazabodi nyaya zote ni sawa, lakini upande wa pawasaplai kila kampuni inapanga pini inavyotaka, hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Kebo ya kuazima inaweza kuunguza mazabodi kwa sekunde moja.

Kwa kuwa una mita, iweke kwenye DC. Mashine ikiwa imewashwa, ncha nyeusi shikiza kwenye chuma cha kasha, ncha nyekundu ipenyeze nyuma ya plagi ya CPU_PWR1, kwenye waya wa upande wa kidoko. Utaratibu wa ATX, yaani kanuni za pawasaplai za kompyuta za mezani, unaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani:

volti 12: kati ya 11.40 na 12.60
volti 5: kati ya 4.75 na 5.25
volti 3.3: kati ya 3.14 na 3.47

Ukikuta 12.1 hivi, upande huo hauna tatizo. Ukikuta 0, kebo haijaingia vizuri upande wa pawasaplai.

Watakuja watu kukwambia uchomoe plagi ya 24 uunganishe waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya. Jaribio hilo linaonyesha tu kwamba pawasaplai inaitikia amri ya kuwaka, na yako inaitikia tayari, feni zinazunguka. Liache.

Na kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa na pawasaplai za bei poa: zile zenye kiswichi chekundu cha 115/230 nyuma, hakikisheni kiko 230 kabla ya kuchomeka ukutani. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Kikiwa 115, utasikia mlipuko mmoja na hakuna cha kutengeneza tena.

Umeme wa kukutekenya: huo hauzuii mashine kuwaka, lakini usiupuuze. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita za kuchuja kelele, zinaunganisha nyaya za umeme na chuma cha kasha, na chuma hicho kinatakiwa kiende ardhini kupitia pini ya tatu ya plagi. Soketi isiyo na waya wa ardhi, au adapta ya pini mbili, inaliacha kasha likielea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo sana, ndiyo maana unatekenywa badala ya kurushwa. Lakini unapochomeka HDMI kwenye monita iliyoko soketi nyingine, mkondo huo unapita kwenye tundu la HDMI, na matundu hayo hayapendi. Mwite fundi umeme aangalie ardhi ya hiyo soketi. Kwa sasa chomeka kebo zote kwanza, plagi ya ukutani iwe ya mwisho.

---

Mkulima_wa_Pikseli

Ahsante sana dada MamaWati, na wewe Bisibisi. Majibu:

Plagi ya CPU_PWR1 ni ya 4+4, mita inasoma 12.08. Boksi halina stika yoyote ya "Ready". Nimetoa RAM zote, taa imebaki CPU vilevile, haijahama. Nimerudisha RAM, hakuna mabadiliko.

Kwa nyuma kuna kitufe kidogo kimeandikwa Flash BIOS. Ndicho hicho? Au nifungue kwanza feni nikague pini?

---

Bisibisi_Nyota

Ndicho. Na usifungue feni kwanza. Kuflashi kwa hicho kitufe hakugusi prosesa wala hakumalizi pesti (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni), kwa hiyo tunaanza na kazi isiyo na gharama. Feni tutaifungua ikishindikana.

Fuata hivi, usiruke kitu:

Chukua flashi ya 32GB au chini ya hapo, ikiwezekana ya USB 2.0 ya zamani. Ifomati kwa FAT32. Ukomo wa 32GB unatokana na Windows yenyewe, dirisha lake la kufomati kwa kawaida halikupi FAT32 juu ya hapo. NTFS na exFAT kitufe hakizisomi.

Kwenye tovuti ya MSI fungua ukurasa wa mazabodi yako. Hapa ndipo pa kuangalia kwa makini: Tomahawk ya kawaida na Tomahawk MAX zote zina namba MS-7C02 kwenye bodi. Mafaili ya kawaida yanaanza 7C02v1, ya MAX yanaanza 7C02v3. Sababu ya kutenganishwa ni chipu ya BIOS: ya kawaida ina megabaiti 16, MAX ina 32. Wewe unataka 7C02v1. Kabla ya kupakua, fungua orodha ya prosesa zinazokubalika kwenye ukurasa huohuo, tafuta Ryzen 5 5600, utaona imeanza kukubalika toleo gani. Pakua toleo hilo au jipya zaidi.

Fungua zipu. Ndani kuna faili lenye jina la mtindo wa E7C02AMS.1xx. Libadilishe jina liwe MSI.ROM. Wengi wanakosea hapa: unapobadilisha jina, Windows inachagua sehemu ya mbele ya nukta tu, ukiandika juu yake unabaki na MSI.ROM.1xx. Futa mpaka mwisho, jina liishie kwenye ROM. Likopi kwenye flashi moja kwa moja, lisiwe ndani ya folda.

Zima mashine. Chomoa kadi ya grafiki ukipenda, haihitajiki. Prosesa na RAM vibaki, havidhuru. Plagi ya 24 na ya CPU ziwe zimechomekwa, swichi ya nyuma ya pawasaplai iwe ON, lakini usibonyeze swichi ya kasha. Flashi ichomeke kwenye tundu la USB la nyuma lililotengwa kwa kazi hiyo, kitabu cha mazabodi kina mchoro wake. Tundu lingine lolote halitafanya kitu.

Bonyeza kitufe cha Flash BIOS. Taa yake itaanza kupepesa. Iache. Kwa kawaida dakika 5 zinatosha, lakini ikichukua 10 usiiguse. Taa ikizima yenyewe, imemaliza.

Ikipepesa mara chache tu na kuzima ndani ya sekunde kadhaa, haijaflashi, imelikataa faili. Rudi kwenye jina la faili, fomati ya flashi, na tundu, kwa mpangilio huo.

Ikishamaliza, zima swichi ya pawasaplai na usafishe CMOS, yaani kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS: gusanisha pini mbili za JBAT1 kwa bisibisi kwa sekunde kama 10, au toa betri ya CR2032 kwa dakika 5. Mipangilio ya BIOS ya zamani ikibaki chini ya BIOS mpya huleta vituko.

---

dogo_wa_RAM

Je umeme ukikatika katikati? Si mazabodi inakufa? Kwetu huku Tanesco wakiamua wameamua.

---

Bisibisi_Nyota

Ukiflashi kutoka ndani ya BIOS au ndani ya Windows, ndiyo, unaweza kubaki na bodi iliyokufa. Kitufe hiki ni tofauti. Kinaendeshwa na chipu ndogo ya pembeni ambayo haitegemei BIOS iliyopo, ndiyo maana kinafanya kazi hata bila prosesa. Ukikatika, unarudia mwanzo. UPS ukiwa nayo itumie, ila usikae siku nzima unaogopa.

---

Kebo_ya_Pwani

Naongezea kwa wale ambao mazabodi zao hazina hicho kitufe, maana B450 na A320 nyingi za bei ya chini hazina, na tatizo ni hilihili.

Njia ya kwanza ni kuazima prosesa ya zamani ya AM4, iwe Athlon 200GE, Ryzen 3 2200G au Ryzen 5 1600. Hizo mbili za kwanza zina grafiki ndani, hazihitaji kadi. Unaiweka, unaingia BIOS, unaflashi kwa flashi kwa njia ya kawaida, unairudishia mwenyewe. Muuzaji wa mazabodi anayejiheshimu anakufanyia hili kabla hujalipa. Mwulize bei ya kazi hiyo mapema bwana, usingoje mpaka umeshafika nyumbani Likoni ukapanda feri tena kurudi mjini.

Njia ya pili ni fundi wa laptop mwenye kifaa cha CH341A, cha kuandikia chipu za BIOS. Mafundi wa laptop wengi wanacho, wanakitumia kutoa nywila za BIOS. Klipu yake inabana chipu ya miguu 8 na kuandika faili moja kwa moja. Lakini mwambie asome maandishi ya chipu kwanza. Chipu za MX25L na W25Q128 zinazoishia JV ni za volti 3.3. Za MX25U na zinazoishia JW ni za volti 1.8, na mazabodi nyingi za AM4 zinatumia hizo. Ya 1.8 inahitaji kiadapta cha kushusha volti kati ya klipu na kifaa. Fundi asiyejua hilo atabana klipu hivyohivyo, na chipu inaweza kuungua. Asome pia faili la zamani na kulihifadhi kabla ya kufuta. Likisomwa mara mbili na kutoka tofauti, klipu haijakaa vizuri, asiandike kitu.

Na huyu ndugu yetu taa ya CPU ikigoma kuzima baada ya kuflashi, hapo sasa afungue feni. Wraith Stealth ina skrubu nne zenye springi. Legeza kila moja kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba. Kisha usiivute juu! Zungusha kushoto na kulia taratibu mpaka pesti iachie. Prosesa za AM4 pini ziko chini ya prosesa yenyewe na soketi haina kifuniko cha kuishikilia, ukivuta wima inang'oka na feni ingawa kile kiwenzo kimefungwa, na hapo ndipo pini zinapopinda. Mkaguzi mzuri ni tochi ya simu ikimulika kutoka ubavuni: safu ya pini ikiwa nzima utaona njia zilizonyooka, iliyopinda inajionyesha yenyewe. Inanyooshwa kwa penseli ya kubonyeza ya 0.5 isiyo na risasi ndani, unaivisha juu ya pini na kuielekeza polepole. Ukirudisha feni, futa pesti ya zamani kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha njegere ndogo katikati.

---

Mkulima_wa_Pikseli

Wakuu, imewaka! Mara ya kwanza kitufe kilipepesa kidogo kikazima, faili lilikuwa limebaki na ile .1xx mwishoni kama Bisibisi alivyosema. Baada ya kulirekebisha ilipepesa kama dakika 5.

Lakini sasa kuna mambo mapya. Ilipowaka, taa ya DRAM ilikaa karibu dakika nzima, mashine ikajizima na kujiwasha, halafu picha ikaja ikiwa na maandishi ya fTPM yanayonitaka nibonyeze Y au N. Sijabonyeza kitu. Isitoshe, laptop ya ofisini niliyokuwa naitumia ina BitLocker (ule ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo) na SSD hii ya NVMe ilitoka humo, kuna mafaili ninayoyahitaji. Nifanyeje?

---

Bisibisi_Nyota

DRAM kukaa dakika nzima ni kawaida baada ya kusafisha CMOS. Mazabodi inajifunza kasi na muda wa RAM, na ikishindwa jaribio moja inajiwasha upya na kujaribu lingine. Kuanzia sasa itakuwa inapita haraka.

Yale maandishi yanasema prosesa ni mpya na fTPM, yaani hifadhi ya funguo za siri iliyo ndani ya prosesa, imebadilika. Y inafuta funguo zilizomo kwenye fTPM ya kompyuta hii. Hii kompyuta haijawahi kuwa na funguo zozote, kwa hiyo bonyeza Y bila wasiwasi. Funguo za BitLocker za hiyo SSD ziko kwenye TPM ya laptop, hazijawahi kuwa hapa, na Y wala N haizigusi. Anayetakiwa kubonyeza N ni mtu aliyekuwa na Windows yenye BitLocker kwenye mashine hiihii na kuiflashi BIOS.

Kuhusu mafaili yako: SSD ikiwekwa hapa, Windows itaomba namba ya kufungulia yenye tarakimu 48. Laptop ikiwa ya ofisi, namba hiyo wanayo watu wa TEHAMA wa ofisini. Kama hawakupi, rudisha SSD kwenye laptop, nakili mafaili kwenda diski ya nje, halafu ndipo uifute. Usipige Windows mpya juu yake kabla ya hapo, hakuna programu itakayoyarudisha.

---

MamaWati

Na kama SSD ni mali ya ofisi, waulize kwanza kabla ya kuifuta 🙂

Kasi ya RAM sasa hivi itakuwa inasoma 2133, 2400 au 2666. Siyo hitilafu. 3200 ni kasi ya wasifu wa XMP, yaani mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya vijiti vya RAM, na mazabodi haiuwashi yenyewe. Piga Windows kwanza kwa kasi hiyo ya chini, hakikisha mashine imetulia, ndipo uingie BIOS uwashe A-XMP. Mtu akiwasha XMP kabla ya kusakinisha, Windows ikikwama katikati hajui alaumu RAM au flashi.

Hakikisha vijiti viko nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, yaani A2 na B2. Kwenye A1 na B1 huwa vinawaka lakini 3200 inaweza kugoma.

---

Mkulima_wa_Pikseli

Vilikuwa A1 na B1, nimehamisha. Mafaili nitayatoa kupitia laptop, ofisini wamekubali. Swali la mwisho: nimewasha na SSD nyingine tupu ya SATA, taa ya BOOT inawaka sasa. Flashi ya Windows 11 ipo, ila haionekani kwenye orodha ya kuanzia.

---

Bisibisi_Nyota

Taa ya BOOT kwenye diski tupu ni sahihi, inakwambia haijapata mfumo wa kuanzia. Itazima Windows ikishapatikana.

Flashi kutoonekana: mara nyingi imetengenezwa kwa mtindo wa zamani wa MBR huku BIOS ikitafuta UEFI pekee, yaani mtindo mpya wa kuanzisha mfumo. Itengeneze upya kwenye laptop kwa kifaa cha Microsoft cha kutengenezea flashi ya Windows, au kwa Rufus ukichagua GPT na UEFI. Usiwashe CSM, ile hali ya kuiga BIOS ya kizamani, ili kuilazimisha ionekane. Utafaulu kuiona, halafu Windows 11 itakataa kuingia, kwa sababu inataka UEFI, Secure Boot na TPM 2.0. Hiyo TPM 2.0 ndiyo fTPM uliyoulizwa. Kwenye BIOS hakikisha imewashwa.

Ichomeke nyuma kwenye mazabodi, siyo mbele ya kasha. Washa, gongagonga F11, chagua mstari unaoanza na neno UEFI na jina la flashi. Ukifika kwenye kuchagua diski, futa vipande vyote vya SSD ya SATA mpaka ibaki nafasi moja isiyogawanywa, kisha endelea. Na hiyo NVMe ya ofisi iwe imechomolewa kabisa wakati huo, usije ukafuta isiyo yako.